Neno la Mzazi

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawakusema mwenyeji atapona kwa kupakwa rangi. Bwana Ogada, mwalimu mkuu wa shule ile ya Lanet, ndivyo alivyolielewa. Mawe ya kando ya njia yalikuwa meupe. Miti ilikuwa myeupe hadi kiunoni. Hata tangi la kunawia mikono lilikuwa limepigwa brashi, tena rangi haijakauka vizuri, maana Chesang aliligusa akatoka na viganja vyeupe, akajifuta kwenye leso huku akilaani kimoyomoyo. Alikuwa ametoka Dundori alfajiri, amevaa gauni lake la kanisani. Siku hiyo afisa wa tathmini angekuja kuamua kama binti yake, Cheruto, ataendelea kusoma na kulala pale bwenini au atarudishwa nyumbani.

Bwana Ogada hakuwa amemficha. "Mzazi, kuja ukiwa tayari kwa lolote," alimwambia kwa simu. "Hata mtu wa kubeba godoro mtafute mapema."

Godoro! Chesang alikaa na neno hilo juma zima. Alipika nalo, akalala nalo, akachimba viazi nalo.

Cheruto alikuwa akikaribia miaka kumi. Alizaliwa kwa taabu, pumzi ikachelewa, na tangu siku hiyo mikono yake ilikunjika ngumi isifunguke, na ulimi wake haukutoa hata neno moja. Macho tu ndiyo yaliyokuwa mazima, na yalikuwa mazima kweli kweli. Kabla ya kupata nafasi shuleni, mama yake alikuwa akimfunga kitini kwa leso asianguke, anafunga mlango, anakwenda vibarua kwenye mashamba ya watu. Angefanyaje? Tumbo halina likizo. Siku moja alirudi akamkuta kuku amesimama mapajani pa mtoto, anadonoa ugali uliogandia kidevuni. Cheruto hakuweza kumfukuza. Alikuwa anamtazama tu, machozi yamekwisha kukauka mashavuni. Chesang alimchinja yule kuku jioni ile ile, na nyama akawapa majirani, yeye hakuonja. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakimsubiri Cheruto huko nyumbani: kiti, leso na mlango uliofungwa kwa nje.

Aliyewatoa huko alikuwa Mwalimu Naliaka, mwalimu wa darasa la watoto wenye ulemavu, mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, asiyejua kukata tamaa hata pale ambapo mtu mwenye akili angekata. Alijaribu kumpa Cheruto kalamu, ngumi ikakataa. Akajaribu tableti ya kuazima, Cheruto akaigonga mara moja tu, ikaruka ikapasuka kioo. Mkono ule ulihitaji uwanja. Basi Naliaka akaitoa stoo projekta nzee ya shule, ile ya kuonyeshea picha siku ya wazazi, akaiunganisha na laptopu na kamera ndogo. Juu ya ukuta akabandika kidude cheusi kinachomwaga mwanga usioonekana kwa macho, ukateremka mbele ya ukuta kama pazia. Mkono ukilikata pazia lile, kamera inaona nukta, na laptopu inajua kwamba hapo pameguswa. Herufi zote, A hadi Z, zilimulikwa ukutani kwa safu za saba saba, kila moja kubwa kama kisosi, na mtoto akawa anagonga anayoitaka kwa ngumi. Ukuta ukageuka kuwa simu ya kugusa.

Muhula uliopita Chesang aliitwa aje aone. Cheruto alisogezwa na kiti chake cha magurudumu hadi ukutani, akainua ngumi yake inayotetemeka, akagonga M. Akapumzika. Akagonga A. Herufi zikajipanga juu, moja baada ya nyingine, mpaka likatimia neno MAMA. Chesang alitoka nje akaenda kulia nyuma ya jiko la shule, akalia hadi mpishi akamletea chai bila kumwuliza kitu.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa nini? Tatizo lilikuwa kwamba afisa hakutaka kuonyeshwa video. Alisema kila mwalimu ana video, na kwenye video nyingi alizoona, mkono wa mtoto unashikwa na mwalimu mwenyewe. Alitaka kuona kwa macho yake, mtoto akiwa peke yake, hakuna wa kumshika. Mtoto akiweza, abaki. Asipoweza, nafasi yake apewe mwingine, maana foleni ilikuwa ndefu.

Chesang aliingia darasani akaukuta ule ukuta wa chokaa iliyofifia umepakwa rangi ya mafuta, nyeupe pepe, unang'aa kama sufuria mpya. Alifurahi, masikini. Aliona mwanawe ataandika mahali pazuri. Cheruto mwenyewe alikuwa tayari kitini, amesukwa nywele, amevalishwa sweta safi, na alipomwona mama yake alitoa ile sauti yake ya furaha inayotokea puani.

Naliaka aliingia akihema. Jana yake yote alikuwa mazishini, na asubuhi hiyo alifika shuleni wakati gari la mgeni nalo linaingia. Alisimama mlangoni, akautazama ukuta, na uso wake ukabadilika.

"Nani amepaka hii?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si ni mwalimu mkuu," Chesang alijibu. "Imetoka smart sana, mwalimu."

Naliaka alikwenda akaupapasa ukuta kwa kiganja, akakimbilia laptopu, lakini kabla hajaiwasha Bwana Ogada alitokeza na mgeni, akiwa na karatasi za programu mkononi, na ikabidi kila mtu asimame.

Sasa, mtu asiyeijua nchi hii hawezi kujua programu ni kitu gani. Programu ni mfalme. Mambo yakishaandikwa kwenye programu yamekwisha kuandikwa: sala ya kufungua, makaribisho, chai, risala ya mwalimu mkuu, nasaha za mwenyekiti, tathmini ya mtoto, neno la mzazi, neno la mgeni, sala ya kufunga. Bwana Ogada alimwinamia Chesang akamnong'oneza, "Mzazi, wewe unaona uko hapa, baada ya tathmini. Usiongee kabla hujaitwa, tafadhali. Mwaka jana mzazi mmoja alidakia mgeni akiongea, tukaaibika sana."

"Sawa, mwalimu," alisema Chesang, na akaikunja programu akaishika kwa mikono miwili.

Afisa, Bwana Okeyo, hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtia Chesang baridi zaidi. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani, akamsalimu Cheruto kwa kuigusa ngumi yake kwa ngumi yake, akamwuliza mama habari za viazi. Mtu mbaya unaweza kumkasirikia, lakini mtu mpole akikukatalia unabaki kumshukuru.

Wakaomba. Wakakaribishana. Wakanywa chai kwa mandazi na viazi vitamu, na Naliaka hakugusa kikombe. Alimfuata Bwana Ogada kando.

"Sir, nipe tu muda kidogo nijaribu hii mashine. Huu ukuta unanitisha."

"Madam, mgeni yuko mezani. Utawasha mashine mgeni akikula? Kaa chini."

Naliaka akakaa. Bwana Ogada akasoma risala, na mwenyekiti wa kamati, ambaye hakuna aliyejua alikuja kwa lipi, akatoa nasaha ndefu kuhusu nidhamu ya vijana wa siku hizi, mbele ya mtoto asiyeweza hata kumfukuza kuku. Chesang alikuwa akimwangalia binti yake anavyochoka. Shingo ilianza kulegea. Alitaka kusema, jamani, huyu mtoto nguvu zake ni za asubuhi, zinaisha. Lakini hakuwa amefikiwa kwenye programu.

Hatimaye mapazia ya madirisha yakashushwa, projekta ikawashwa, na herufi zikatokea ukutani, safi, nzuri kuliko siku zote. Naliaka akamsogeza Cheruto, akafunga breki za kiti, akarudi nyuma akainua mikono yake miwili hewani ili mgeni aone kwamba hamshiki.

"Cheruto," Bwana Okeyo alisema taratibu, "hebu niandikie jina lako."

Ngumi ikainuka. Ikayumba, ikajirekebisha, ikagonga C katikati kabisa. Chesang aliachia pumzi.

Juu ya ukuta, mahali pa kuandikia, zikatokea herufi: CVVQZ.

Cheruto akasita. Akagonga H. Ukutani ikaandikwa HLLLPX, halafu, bila mtu yeyote kugusa chochote, TTTTW.

"Hii ni lugha gani?" aliuliza Bwana Okeyo, si kwa dharau, bali kama mtu anayeuliza kweli.

Naliaka alikwisha kurukia laptopu. "Ni mashine, sir. Si yeye, ni mashine. Ni hii rangi. Inang'aa, mwanga unaigonga unarudi, sasa kamera inaona mikono mahali hakuna mikono. Nipeni tu nitafute shuka nifunike ukuta."

"Madam," alisema Bwana Ogada, "sasa unalaumu rangi?"

"Ingewekwa ile ya kawaida, sir! Ile isiyong'aa!"

"Hiyo ndiyo ya bei ghali, madam. Tulitaka kitu ya maana."

Wakawa wamezunguka laptopu wote, Naliaka akibonyeza hiki na kile, Bwana Ogada akimwelekeza kwa kidole ilhali haelewi kitu, mwenyekiti akisema kwake mtandao pia husumbua, Bwana Okeyo akitazama saa. Wote walikuwa wameupa ukuta mgongo. Aliyebaki ameutazama ni Chesang peke yake, aliyeketi kwenye benchi la nyuma na programu yake mkononi.

Naye akauona mkono wa binti yake ukiinuka tena.

Safari hii haukwenda kwenye E. Ulikwenda pembeni kabisa, kulia, ukagonga N. Chesang alikunja uso. Jina la Cheruto halina N. Ngumi ikapanda juu yake, ikagonga G. Mahali pa kuandikia palikuwa pakifurika upuuzi, YYYKKBB, lakini Cheruto hakupatazama. Alikuwa anatazama herufi tu. Akavuta pumzi, akaanza kuusukuma mkono kuelekea kushoto, ukingo wa pili wa ukuta, mwili mzima ukiinama nao, kiti kikilia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akafika. Akagonga O.

N, G, O. Chesang alizisoma kwa midomo bila sauti. Alikuwa amemaliza darasa la nane, kusoma anajua. Sema, alijiambia. Simama useme. Lakini mgeni alikuwa anaongea na mwalimu mkuu, na mzazi wa mwaka jana alidakia wakaaibika, na je, kama amekosea? Kama ni mkono tu unatangatanga, na yeye akasimama kupiga kelele mbele ya wakubwa, si atamharibia mtoto hata ile nafasi ndogo iliyobaki? Programu ilisema baada ya tathmini. Angengojea zamu yake, aseme kwa utaratibu.

Ngumi ikapanda, ikapapasa, ikapita herufi moja, ikarudi. Ikagonga J.

Chesang akajua. Nywele zilimsimama. Ilibaki herufi moja tu, ile ya juu kabisa kwenye kona, na mkono ulikuwa umekwisha kuanza safari.

"Wacha nizime niiwashe upya," alisema Naliaka, na akazima.

Ukuta ukawa mweupe mtupu.

"Woi," alisema Chesang, lakini ilitoka kama pumzi tu, hakuna aliyeisikia.

Projekta nzee nayo ina tabia zake. Ukiizima haikubali kuwaka mpaka ipoe kwanza. Naliaka alibonyeza, akabonyeza, akaipiga ubavuni, feni ikaendelea kunguruma na taa ikagoma. Machozi yakaanza kumtiririka, na yeye akawa anaendelea tu kubonyeza.

"Basi, mwalimu, basi," Bwana Okeyo alimwambia. "Umejitahidi. Mimi nina shule nyingine Kiamunyi, wananisubiri. Nadhani nimeona."

Kwa aibu iliyompata, Bwana Ogada alitaka siku hiyo iishe hapo hapo. "Kwa sababu ya muda," alitangaza, "tutaruka neno la mzazi twende moja kwa moja kwa sala. Tufumbe macho."

Wakafumba. Chesang hakufumba. Wakati mwalimu mkuu akimshukuru Mungu kwa safari njema ya mgeni, na kwa mvua, na kwa chai, yeye alikuwa akimtazama Cheruto. Ngumi ya mtoto ilikuwa imefika kwenye kona ya juu, imegandamizwa ukutani pale ilipokuwa A, inatetemeka. Hakuna taa, hakuna herufi, ila alikuwa amemaliza.

"Amina."

Bwana Okeyo alimjia Chesang na mkono ulionyooshwa. "Mama, pole sana. Kuna watoto ambao shule si mahali pao. Si kosa lako. Nitaandika ripoti nikifika ofisini. Wewe mpende tu, akiwa nyumbani."

Yalikuwa maneno ya huruma, na yalimwingia kama kisu. Alikiona kiti. Aliiona leso. Akafungua mdomo akitaka kueleza yote kwa mpigo: ukuta, mkono, herufi. Lakini neno lililotoka ni lile lile alilokuwa amelisoma.

"Ngoja."

"Mama, tumengoja sana," alisema Bwana Okeyo kwa upole.

"Hapana. Ngoja! Ni... pale ukutani, ngoja..."

"Naelewa uchungu wako, mama." Akampigapiga begani, akatoka.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini huyu alisema anauelewa, na akaenda zake. Chesang akabaki amesimama na mkono hewani. Naliaka alikuwa ameinamia laptopu analia. Nje, mlango wa gari ukafungwa, na injini ikaitika.

Hapo ndipo programu ilipomponyoka mikononi. Chesang alitoka mbio, viatu vya kanisani vikabaki kizingitini. "Ngoja!" alipiga kelele. "Ngoja! Ngojaaa!" Wanafunzi wakajaa madirishani. Mpishi alitoka jikoni na mwiko wake. Wote waliona mama wa Dundori aliyenyimwa nafasi, anakimbilia gari la serikali akiomba lisimame, na wengine wakageuza nyuso kwa kumwonea haya. Bwana Ogada alimkimbilia kutoka nyuma. "Mzazi! Mzazi, tafadhali, unatuaibisha!" Chesang hakugeuka. Hakuwa anaomba. Alikuwa anasoma, kwa sauti, neno la mtoto wake, na kila aliyelisikia alidhani ni lake.

Mlinzi wa lango, Kipyegon, hakuwa mtu wa kufikiria mambo mara mbili. Alisikia ngoja, akaona watu wanakimbia, akajua tu kuna kitu mgeni amesahau. Akalisukuma lango likajifunga mbele ya pua ya gari, na dereva akakanyaga breki vumbi likatimka.

Bwana Okeyo akateremka. Upole wote ulikuwa umemwisha.

"Wewe, nani amekuambia utufungie?"

"Nimesikia ngoja, mdosi," alisema Kipyegon, akirudi nyuma. "Sijui ni nani."

Afisa akageuka. Chesang alikuwa amefika, peku, anahema, gauni limejaa vumbi hadi magotini.

"Ni nani amesema tungoje?"

Safari hii sauti ilimjia Chesang.

"Ni Cheruto," alisema.